Insha Niliyomwandikia Baba

Juzi mpwa wangu, anayekaa nami hapa Kitale akienda shule, aliniletea mezani insha yake ya kushawishi niipitie. Ilianza tangu kuumbwa kwa ulimwengu, ikapita kwenye jua lililochomoza kwa madaha, ndipo hoja zikapanga foleni, kwanza, pili, tatu, mpaka mwisho wa ukurasa. Nikamuuliza, "Na huyu unayemshawishi ni nani?" Akanitazama kama niliyepotea njia. "Auntie, si ni insha tu. Mwalimu anataka hoja sita bana."

Nilichemka, rafiki yangu. Si kwa mtoto, yeye anafuata alivyofundishwa. Nilichemkia wale waliomfundisha kwamba kushawishi ni kupanga hoja kama sahani kabatini. Nakataa, na nitaendelea kukataa. Mimi nilifundishwa kazi hiyo Ndalu, upande wa Bungoma, nikiwa darasa la saba, na nilichokuwa nikipigania hakikuwa alama.

Shamba letu lilishuka taratibu kutoka barabarani hadi kijitoni. Juu kote yalikuwa mahindi. Chini kabisa, pale udongo unapokuwa mweusi na kulowa, palikuwa na kona ya nyanya, mama mzaa baba. Alipanda mboga za kienyeji, saga, mrenda, sucha, kunde na mitoo, vyote vimechanganyika bila mstari, na yeye peke yake ndiye aliyejua kipi kimeishia wapi. Jioni tulikaa jikoni kuchambua majani mpaka kucha zikageuka kijani. Alichoma maganda ya maharagwe, akatia majivu kwenye kopo lililotobolewa chini, akamwagia maji, na yale matone ya rangi ya chai yakawa munyu wa kulainishia mboga. Saga ililala na maziwa chunguni, kesho yake ikapashwa moto, uchungu umegeuka utamu ambao sijawahi kuupata hotelini.

Basi jioni moja baba akatangaza, huku anamega ugali, kwamba trekta ikija safari hiyo italima moja kwa moja mpaka kijitoni. Nyanya hakuwa mtu wa kubishana na mwanawe mbele ya watoto. Aliacha tu kula. Nilimwona, na moyo ukaniuma vibaya, kwa sababu katika shamba lote lile hakuwa na kingine cha kuita chake.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitoka Naitiri kwa baiskeli, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo. Alikuwa na mtindo wake ambao sijauona kwingine: alama za insha ya kushawishi hakutoa yeye. Ulichagua mtu wa nyumbani asiyekubaliana nawe, ukamwandikia, ukamsomea, kisha ukaja kumwambia mwalimu amejibu nini. Jibu hilo ndilo lililokuwa alama yako. Wazazi wengine walilalamika kwamba anachochea watoto. Alituchochea kweli, na Mungu ambariki kwa hilo.

Mimi nikamchagua baba. Nikamwaga kila pambo nililokariri: ndege waliotumbuiza, umande uliometameta, ulimwengu wenyewe nikauhutubia. Nilimsomea baada ya chakula. Alifurahi mpaka akaita jirani aliyekuwa akipita. "Njoo usikie huyu msichana. Ati anaongea kama redio! Rudia pale kwa umande." Nikarudia. Wakapiga makofi, na baba akanipa mnofu kutoka sahani yake mwenyewe. Kisha akamgeukia jirani wakazungumza juu ya siku ya kuja trekta. Sijawahi kusifiwa kwa uchungu kama siku ile.

"Alisemaje?" mwalimu akauliza.

"Alinisifu sana, mwalimu."

"Na trekta?"

"Inakuja."

Akanirudishia karatasi yangu. "Basi umeniandikia mimi," akasema, "na mimi sina trekta." Akaniagiza nirudi kwa baba nikamuulize sababu yake, nimsikilize mpaka niweze kuieleza bila yeye kunirekebisha.

Jumamosi tulikuwa tukipiga mahindi, vumbi puani, magunzi yakiruka kila upande. Nikauliza. "Mahindi," baba akajibu. Nikauliza tena, kwani ya juu hayatoshi? Akapiga, akapiga, kisha akasimamisha fimbo.

"Watu wakipita hapa kwenda Moi's Bridge, wanaona nini? Wanaona mama yangu ameinama kwa matope. Mzee kama huyo! Si watasema hana watoto? Mimi nataka akae, aletewe chakula, apumzike."

Kumbe hakuwa akimnyang'anya. Alikuwa akimpenda na kuogopa aibu kwa wakati mmoja, na insha yangu yote, pamoja na ndege wake, haikuwa imegusa hofu hiyo hata kidogo.

Nikaandika upya, jua nikaliacha lichomoze lenyewe. Nilianza na yeye, kwamba mtoto mwema hapendi kumwona mamake kwenye matope, na midomo ya watu huuma. Nililiandika hilo kwa moyo wote, mpaka nikakaribia kukubaliana naye. Kisha nikaweka jambo moja tu. Mvua ikizidi, kijito kikafurika, nyanya akashindwa kushuka, huanza kuugua mgongo, magoti, macho, hata uji anakataa. Maji yakipungua anashuka na jembe lake, na magonjwa yote anayaacha njiani. "Baba, ukimpumzisha utamlaza," nikaandika, nikaishia hapo.

Safari hii hakucheka.

"Nani amekuambia uandike hii kitu?"

"Ni wewe, Baba. Tulipokuwa tukipiga mahindi."

"Umekuwa mjuaji sana," akasema, akatoka nje. Lakini kujuta, sikujuta, na kama angerudi na kiboko ningemsomea tena.

Trekta ilipokuja, baba aliitangulia kwa miguu. Ilipokaribia majani ya kwanza ya kunde akainua mkono, dereva akakata kona akapanda juu. Nyanya alikuwa amesimama pale na kikapu chake. "Kumbe hiyo tlekta iko na macho," akasema, akainama kuendelea na palizi.

Leo nyanya hayupo, baba hayupo, na mwalimu sijui maisha yalimpeleka wapi. Kona imejaa mikalatusi ya kaka zangu, na kijito kimenyonywa mpaka mtoto anakiruka bila kulowa. Mrenda nanunua sokoni, nauchemsha na magadi, na mpwa wangu hajawahi kuona munyu ukidondoka. Inaniuma, sitakudanganya.

Ndiyo sababu nimewaomba kaka zangu ile kona. Sitaki shamba, nataka kona tu, niing'oe mikalatusi nipande kama alivyopanda. Wamekataa. "Dada, wewe si uliolewa? Mambo ya shamba tuachie." Najua sheria iko upande wangu, na wakili naweza kumpata hapa mjini kabla ya saa sita. Lakini siitaki kwa amri ya korti na ndugu wasionisalimia. Nataka wanipe wenyewe, wakijua kwa nini. Wanataja mila, wanataja mume wangu, kila safari wana lingine, na hofu yao yenyewe bado hawajaitoa. Mume wangu anasema nimekuwa sugu. Acha niwe.

Kwa hiyo kila likizo naenda Ndalu. Mara ya mwisho kaka mkubwa aliniona nikifungua lango, akampazia mkewe sauti, "Weka chai, huyu amekuja tena!" Niliingia, nikavua viatu, nikavuta kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Haya kaka," nikamwambia, "leo nieleze. Unaogopa nini?"