Nyanchoka Aliyefundisha kwa Jina Langu

Kabla hujanihukumu, jua kwamba nimeshajihukumu mwenyewe, na mimi si hakimu mpole. Naitwa Daktari Noah Kiptanui, mwalimu wa somo la udongo katika kampasi ndogo nje kidogo ya mji wa Kericho, mahali ambapo majani ya chai yamefika hadi kwenye ua wetu. Nimefundisha miaka ishirini na sita. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Nyanchoka Ondieki, na ninaiandika kwa sababu siku niliyotakiwa kuisema kwa mdomo, mdomo ulinishinda.

Nyanchoka alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai. Wazazi wake walitoka upande wa Kisii kuja kuchuma, na yeye akakua na lugha tatu mdomoni. Aliniamkia "Chamgei" kwa lugha ya kwetu vizuri kuliko binti zangu, ambao siku hizi hunisalimu macho yakiwa kwenye simu. Baba yake alifariki mapema. Mama yake, Nyabate, alichuma hadi mashine za kuchumia zilipoletwa, akaambiwa arudishe kikapu na nyumba. Tangu hapo wawili hao waliishi chumba cha kupanga mjini, na kazi ya Nyanchoka pale chuoni ndiyo iliyowashikilia.

Kazi yenyewe ilikuwa hii: kuwasaidia walimu kuandaa na kufundisha masomo ya mtandaoni. Tulikuwa na wanafunzi wengi wasioweza kuja darasani, watu wenye ng'ombe wa kukama na majani ya kupeleka kituoni, na chuo kiliamua wasome kwa simu huko huko waliko. Nyanchoka aliajiriwa peke yake, kwa mkataba, akapewa chumba kilichokuwa stoo ya chaki. Walimu tulikuwa thelathini na wanane.

Mwanzoni aliitisha mafunzo. Tulienda. Tulitia sahihi kwenye orodha, tukanywa chai, tukala mandazi, na kufikia saa nne kila mtu alikuwa amekumbuka ana mgonjwa hospitalini. Mimi wangu alikuwa shemeji yangu, ambaye yu mzima mpaka leo. Ukweli ni kwamba niliogopa. Alikuwa ametuambia kila mtu afungue ukurasa wa somo lake, nikaona mwalimu kijana kando yangu ameshafungua, na mimi bado natafuta kitufe cha kuwasha.

Wiki moja baadaye alinifuata ofisini, mikononi ana nakala ya maandishi yangu ya darasani, yale ninayoyasoma mbele ya wanafunzi tangu nywele zangu zikiwa nyeusi.

"Daktari, nimesoma yote," akasema. "Iko sawa kabisa. Nina swali moja tu. Mwanafunzi akimaliza wiki ya tatu, awe anaweza kufanya nini?"

"Ajue udongo," nikamjibu.

"Sawa. Na hiyo kujua tutaiona aje, na yeye ako Kedowa na wewe uko hapa?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilikasirika kwanza, kisha nikafikiri. Nikamwambia kwamba zamani, kabla darasa halijawa kubwa, nilikuwa nikitia udongo na maji kwenye chupa, nikatikisa, nikaiacha itulie, wanafunzi wakaona mchanga ukikaa chini, tope laini juu yake na udongo wa mfinyanzi juu kabisa. Uso wake ulichangamka.

"Basi watikise wao wenyewe," akasema. "Kila mtu na udongo wa kwao. Wapime na rula, wapige picha, watume, halafu wajadiliane kwa nini zimetofautiana."

Na kweli chupa zilianza kuja. Chupa za jemu, za siagi, za dawa ya kikohozi. Udongo wa Boito mwekundu, udongo wa Sotik, udongo wa bondeni mweusi tii. Wanafunzi walibishana juu ya mashamba ya baba zao kwa ukali ambao sikuwahi kuuona darasani. Nilikuwa naonyeshwa na Nyanchoka kwenye kompyuta yake, nikacheka kwa furaha kabisa.

Kuonyeshwa. Hapo ndipo jambo lilipoharibikia. Maswali ya wanafunzi yalikuja kwa makumi na mimi sikujua kuyajibu humo ndani. Kila aliponiuliza nilimwambia nipe siku mbili. Kwetu, mtu mdogo hamwambii mzee kwamba hajui. Humtafutia njia ya kupita na heshima yake. Nyanchoka alilelewa hivyo, na njia aliyonitafutia ilikuwa kuusingizia mtandao.

"Naona network inakusumbua, Daktari," akasema. "Wacha niingie na ile paswadi niliyokuwekea nikusukumie hizi chache."

Network ilikuwa nzima. Sote wawili tulijua. Nikamwambia ingia.

Hizo chache zikawa zote. Alijibu, akasahihisha, akawakumbusha waliochelewa, akamtumia pole msichana aliyefiwa, yote kwa jina langu. Kila Ijumaa aliniletea muhtasari nisome, nami niliusoma, mwanzoni. Baadaye nikagundua kwamba Mageto wa biashara naye network yake inamsumbua. Janeffer wa lishe pia. Nadhani katika walimu thelathini na wanane, wenye network nzuri hawakuzidi kumi.

Chuo kilikuwa na fomu ya mtandaoni ya kuomba msaada. Hakuna aliyeijaza. Kuijaza ni kuandika ujinga wako na kuutia sahihi, na nani angefanya hivyo? Tulimpigia simu, au tulichungulia mlangoni pake tukiwa tumeangalia huku na huku. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Sisi tulificha, na kwa muda tukazaa vizuri sana, maana mzazi alikuwa mwingine.

Mwaka huu naibu mkuu wa chuo, bwana mmoja mpya anayependa takwimu, akatoa ripoti kwenye mfumo. Ilionyesha walimu wetu wanaingia kila siku. Wanajibu wanafunzi kabla saa ishirini na nne hazijaisha. Maombi ya msaada kwa miaka mitatu: sifuri. Akauliza, na mimi ningekuwa yeye ningeuliza vilevile, huyu afisa wa msaada anamsaidia nani? Mkataba wa Nyanchoka ulikuwa unaisha Juni. Akaandikiwa kwamba hautaongezwa, isipokuwa kikao cha walimu kionyeshe sababu.

Alikuja kwangu wa kwanza. Alikuwa ameandika barua ya ukurasa mmoja, akataka walimu watatu tu waitie sahihi.

"Sijaandika mambo ya paswadi, Daktari," akasema. "Nimeandika tu nilikusaidia kupanga somo. Hata ukitoa hiyo ya kujibu maswali, ni sawa. Mama hana mahali pengine. Mimi naomba tu useme nilikuwa nafanya kazi."

Niliishika ile barua. Juu ya meza yangu palikuwa na faili la kuomba kupandishwa cheo, mara ya tatu sasa, na ukurasa wake wa kwanza ulikuwa sifa za lile somo la chupa. Nilimpenda yule msichana kama mtoto wangu, na nasema hivyo bila unafiki. Lakini nililitazama faili.

"Nyanchoka," nikasema, "wakisoma hii watauliza nani alisahihisha. Wakijua, watazifuta maksi za watoto. Utakuwa umewaumiza wale wale uliowasaidia."

Lilikuwa jambo la kweli, na ndiyo maana lilikuwa uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema.  Aliikunja barua polepole, akaniambia asante. Niliambiwa baadaye kwamba hakuipeleka kwa mtu mwingine. Alikuwa ameniamini.

Kikao kilikaa Alhamisi asubuhi. Naye aliitwa, akaketishwa kwenye kiti cha mwisho karibu na dirisha. Naibu mkuu alimuuliza kwa adabu tu, bila ukali, kazi yake ya kila siku ni gani hasa.

"Nasaidia walimu," akasema.

"Walimu gani?"

Ningeweza kukuambia kwamba alituangalia mmoja mmoja, na kwamba macho yake yalituchoma. Hakutuangalia. Aliangalia mikono yake. Alikuwa na majina ishirini na nane na zaidi kichwani mwake, na wenye majina wote tulikuwa tumeketi pale, na jina moja tu lingetosha kumwokoa.

"Wale huwa wanasumbuliwa na network," akasema.

Naibu mkuu akatugeukia. "Kuna mwalimu yeyote hapa aliyesaidiwa?"

Mageto alikohoa. Janeffer alikuwa akitafuta kitu kwenye mkoba. Mimi nilihesabu pumzi zangu, nikajiambia nikifika kumi nitainua mkono. Nikafika kumi. Nikafika ishirini. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau huinua mguu. Mimi sikuinua chochote.

Azimio la kutoongeza mkataba wake likapita. Kisha, katika mengineyo, naibu mkuu akatangaza kwamba kwa kuwa kitengo kinafungwa, walimu waliofanya vizuri watawafundisha wenzao. Wa kwanza angekuwa Daktari Kiptanui, ambaye somo lake la udongo lilikuwa limeongoza kampasi nzima. Watu wakapiga makofi. Nyanchoka naye alipiga.

Juni ikaisha. Yeye na mama yake wakahamia Sotik, kwa mjomba mwenye duka la maziwa. Mimi nikasubiri barua ya cheo, na kila asubuhi nikapita mbele ya ile stoo ya chaki, sasa imefungwa kufuli, nikitembea haraka.

Siku yangu ya kufundisha wenzangu ilikuwa Jumatatu, saa tatu. Saa mbili na nusu nilikuwa ukumbini, kompyuta imeunganishwa, ukurasa wa kuingilia umetokea kwenye ukuta mkubwa kama shuka. Nikaandika jina langu. Chini yake mashine ikataka paswadi. Nilikaa nikiitazama ile nafasi tupu. Sikuwahi kuijua. Kwa miaka mitatu sikuwahi kuingia darasani mwangu hata mara moja.

Nilitoka nje nikampigia. Simu iliita sana. Alipopokea nilisikia madebe ya maziwa yakigongana. Nikamsalimu, nikauliza hali ya mama yake, akasema yuko tu. Nikashindwa kuendelea, akanisaidia.

"Ni paswadi, Daktari?"

"Ndiyo."

"Ni Boito, herufi ya kwanza kubwa, halafu mwaka uliozaliwa. Nilikuwekea ya kwenu ndio usisahau." Akaongeza, "Ukiingia, ubadilishe. Mimi sitaki kubaki nayo tena."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Neno lilifika kwenye meno likakwama, kama kawaida yangu. Alisema ana mteja, akakata.

Nikarudi, nikaandika Boito na mwaka wangu, na mlango ukafunguka mara moja. Ukutani, mbele ya walimu walioanza kuingia na vikombe vyao vya chai, yakatokea maswali ya wanafunzi, wiki tatu nzima hayajaguswa. La juu kabisa lilitoka kwa mwanafunzi wa Kedowa.

"Mwalimu, uko salama? Hujawahi kutunyamazia hivi. Tunakuombea."

Nikaweka vidole kwenye herufi ili nimjibu. Wenzangu waliketi, wakatulia, wakasubiri waone mwalimu bora anavyofanya. Nami sikujua huwa ninawajibu vipi.