Kimbunga Chenye Jicho

Mama Pacha alishonea mapazia nusu ya mji. Alikaa barazani na cherehani yake ya miguu, na wateja walimmwagia sifa mpaka akaona haya. Sifa zote hizo hazikumshibisha. Alikuwa na njaa ya neno moja tu, kutoka kwa mtu mmoja tu, na mtu huyo, kwa bahati yake mbaya, alikuwa mama mkwe wake.

Bibi yule alihamia kwao mwaka ambao pacha walizaliwa. Alikuja na begi moja na ulimi mmoja, na ulimi ndio uliochukua nafasi kubwa zaidi. Tangu siku hiyo hakuna kitu cha nyumba ile kilichowahi kumpendeza. Wali ulikuwa uji. Chai ilikuwa maji ya kuoshea masufuria, ingawa kila siku alikunywa kikombe, akaomba cha pili. Pacha wenyewe, watoto ambao wapita njia walisimama kuwatazama, aliwaita vyura. Siku moja Mama Pacha alimuuliza kwa upole kama hajawahi kuona kitu kizuri humu ndani. Bibi akamjibu, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Basi Mama Pacha akajua kwamba mgema ni yeye, akaenda jikoni kulia.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Mganga hajigangi: alipaka nyumba za watu mpaka vyoo vyao, yake ikabaki na rangi ya saruji. Miaka ikapita, na mwaka mmoja, baada ya ugomvi ambao majirani waliufuata kama mchezo wa redio, hatimaye aliipaka rangi ya maziwa, na mstari wa kijani chini. Mama Pacha naye akashona mapazia ya nyumba yake mwenyewe, ya buluu ya asubuhi, yenye marinda mazito na ukingo wa nyuzi za fedha. Akayatundika sebuleni, akamwita bibi, moyo unamdunda kama yuko kwenye usaili.

Bibi aliyatazama kwa muda mrefu. Akayashika kwa vidole viwili, akayageuza kukagua mshono wa ndani.

"Haya ni mapazia," aliuliza, "au ni gauni la mlevi?"

Wiki hiyohiyo redio ikatangaza kimbunga.

Sasa, watu wa mji ule bahari walikuwa wanaiona kwenye kalenda. Vimbunga vilikuwa shida za wengine, za kusikitikiwa wakati wa taarifa ya habari na kusahaulika wakati wa mpira. "Kimbunga hakipandi mlima," alisema mwalimu mstaafu wa nyumba ya pili, akiwa ameegemea kiti kimoja kati ya viti vyake vipya vya plastiki. "Kikifika hapa kitakuwa hoi. Kitaomba maji ya kunywa." Lakini redio ilishikilia: kimbunga kimeshaingia nchi kavu, kesho mchana upepo mkali na mvua kubwa vitafika hata huku mbali na bahari, na wananchi wachukue tahadhari kabla ya hatari.

Fundi rangi hakungoja kuambiwa mara mbili. Alipenda utaalamu kuliko alivyopenda kazi. Alichukua gundi yake ya karatasi, ile ya kuzuia rangi isivuke mstari, akabandika msalaba mkubwa kwenye kioo cha sebuleni.

"Msalaba huu unagawanya nguvu," alimweleza mkewe. "Upepo ukifika hapa unachanganyikiwa. Haujui upite kushoto au kulia."

"Umeyasoma wapi hayo?"

"Haya ni mambo ya kitaalamu, Mama Pacha."

Na hapo mjadala ulifungwa, kama ilivyokuwa siku zote.

Redio nayo iliendelea. "Jicho la kimbunga linatarajiwa kupita karibu kabisa na maeneo yetu." Bibi, aliyekuwa anapepeta mchele, akasimamisha ungo hewani.

"Kina jicho?"

"Ndiyo, mama," alisema fundi rangi. "Vimbunga vyote vina jicho. Liko katikati."

"Moja?"

"Moja, lakini kubwa. Linaweza kufunika mji mzima."

Bibi akaweka ungo chini. "Nilijua. Kitu hakiwezi kutoka baharini huko kije kung'oa mapaa ya watu bure. Kina kijicho."

"Mama, si jicho la namna hiyo..."

"Jicho ni jicho, mwanangu. Linapita, linatazama, likipenda linachukua."

Kuanzia hapo uongozi ukahamia mikononi mwa bibi. Mwanamke ambaye kila siku alihitaji watu wawili kumwinua mkekani sasa alikuwa katikati ya ua, amejifunga kibwebwe, anatoa amri. Nyumba yote ionekane ya fukara asiye na mbele wala nyuma. Bango la "Mapazia ya Kisasa" likashushwa. Dishi la televisheni likang'olewa, maana hilo, alisema bibi, ndilo la kwanza kuonekana kutoka juu. Makopo ya maua, benchi, ndoo na kamba ya nguo vikaingizwa ndani. Madirisha yenye vioo vipya yakafichwa kwa mbao chakavu zilizobaki kwenye ujenzi, zikapigiliwa misumari mirefu. Fundi rangi aliomba aachiwe angalau dirisha la sebuleni, kwa heshima ya utaalamu.

"Chukua hilo," bibi alisema. "Uchezee."

Kisha akainua macho. "Na hayo mabati yanang'aa mno. Pandisheni takataka." Yakapandishwa mawe, magunia ya mchanga na matairi mabovu, mpaka nyumba ikafanana na gereji iliyofungwa kwa deni. Fundi rangi aliposhuka ngazi na kuzunguka mbele, aliwakuta pacha wanaupaka tope ukuta wake wa rangi ya maziwa, viganja kwa viganja.

"Bibi katutuma," walisema kwa furaha.

Fundi rangi alikaa juu ya kopo la rangi. Hakulia, lakini alikaa pale kitambo.

"Majirani!" mwalimu mstaafu aliita kutoka upande wa pili wa ua. "Mnahama au mmefilisika?"

"Tumefilisika, mwalimu!" bibi alijibu. "Hatuna kitu! Hata usitutazame!"

"Mimi sitoki hapa. Nitakiangalia kimbunga nikiwa kwenye viti vyangu hivi. Viti vizuri, imara, havivunjiki."

Bibi alifumba macho kwa kumwonea huruma.

Jioni ilipokaribia, aliingia sebuleni, akanyoosha kidole. "Toa na hayo mapazia. Yafunge kwenye nailoni, uyaweke chini ya kitanda changu."

Mama Pacha alikuwa amebeba mawe tangu asubuhi bila kunung'unika. Lakini hapo alishindwa.

"Mapazia yako ndani, mama. Kimbunga kitayaonaje? Si useme tu huyapendi! Hukuyapenda tangu siku ya kwanza, sasa unakisingizia kimbunga."

Hakuwahi kumjibu hivyo maishani mwake. Fundi rangi akakumbuka ghafla kwamba kuna msumari wa kukagua nje, akatoka.

"Toa," bibi alisema taratibu.

Mama Pacha aliyatoa huku machozi yanamdondoka. Alitaka kuyaviringisha ovyo, mikono ikakataa. Ikayakunja vizuri, rinda juu ya rinda.

Kimbunga kilifika kesho yake wakati wa chakula, kama wageni wote wasio na adabu. Walijifungia kwenye korido, mahali pasipo na dirisha, pacha wakiwa chini ya godoro. Mvua ilipiga, upepo ukaanza kuchokoa kingo za paa, na mabati yakawa yanainuka na kushuka chini ya matairi.

"Msiogope," alisema fundi rangi. "Hata lile jiko la uani nililijenga kwa mikono yangu. Lile haliendi popote."

Bibi alimziba mdomo kwa kiganja, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Kilisikika kishindo, halafu mlio wa bati likikwaruza ua, halafu kimya. Paa la jiko lilikuwa limekwenda popote.

Hapo bibi akasimama. Akaelekeza uso wake darini.

"Pita! Unatafuta nini hapa? Nyumba gani hii? Banda la kuku, limepakwa rangi na mpumbavu!"

"Mama!" alisema mpumbavu.

"Mwanamume mwenyewe ndiye huyu, hafai hata kwa kutumwa chumvi! Na wajukuu vyura! Vyura wawili, hata kuruka hawajui!"

Chini ya godoro vyura walicheka. Upepo ukazidi. Bati moja juu ya vichwa vyao likaanza kupigapiga, na bibi akamshika Mama Pacha mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Na huyu! Huyu ndiye usimtazame kabisa! Mke gani huyu? Anaamka gizani kunichemshia maji ya kuoga, nani kamwomba? Mguu wangu ulipovimba akanibeba mgongoni mpaka zahanati, nani alimtuma? Na mapazia yake! Mabaya! Marinda yale, mshono ule wa ndani ambao hata ukiutafuta huuoni... Mabaya! Sijapata kuona mapazia mabaya kama yale tangu nizaliwe! Pita!"

Bibi akavuta pumzi. Upepo nao ukavuta pumzi kidogo, na katika upenyo huo bibi akasema kwa chini, "Baba yake huyu mwanangu nilimsifu mbele ya watu. Nikasema, mtazameni mume wangu, hajui hata homa. Mwezi haukuisha, tukamzika." "Sijarudia tena."

Mama Pacha alikuwa anairudia miaka yote kichwani, wali, chai, vyura, gauni la mlevi, na kila tusi alilolikumbuka lilikuwa linageuka upande wa pili na kuonyesha mshono. Alifurahi, na papo hapo akakasirika, maana machozi aliyoyamaliza jikoni hakuna wa kumrudishia. Aliuweka mkono wake wa pili juu ya mkono wa bibi, wakakaa hivyo mpaka mabati yalipotulia.

Jua lilichomoza dakika za mwisho kabla ya kuzama, kuja kuangalia hasara. Paa la nyumba lilikuwa zima, na matairi yake. Mvua ilikuwa imeosha tope lote, rangi ya maziwa inang'aa. Kioo cha sebuleni kilikuwa chini vipandevipande, na maji yameingia mpaka katikati ya chumba; lakini msalaba wa karatasi ulikuwa bado unaning'inia kwenye fremu.

"Mnaona?" alisema fundi rangi. "Gundi imeshika."

Mwalimu mstaafu alikuja kuulizia viti vyake. Kimoja kilipatikana juu ya bati lao, kati ya matairi. Vingine havikuonekana. Kimbunga kilikuwa kimepanda mlima, kimekaa kidogo, kimeondoka navyo.

Mama Pacha alichemsha chai barazani, akampa bibi kikombe cha kwanza. Bibi akaonja.

"Chai gani hii? Maji ya kuoshea masufuria."

"Asante, mama."

Bibi alimkazia macho kama mtu aliyefumaniwa. Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa karibu naye, akakohoa kidogo.

"Na wewe, mama," alisema, na fundi rangi akaacha kunywa. "Mama mkwe gani wewe? Mbaya! Sijapata kuona mama mbaya kama wewe tangu nizaliwe."

Fundi rangi alibaki na kikombe hewani, anatafuta msumari wa kwenda kukagua. Bibi aliinamia kikombe, midomo inamcheza, macho yamejaa. Huko nyuma ya vilima upepo ulikuwa bado unavuma. Akasukuma kikombe chake mbele, ajaziwe cha pili.

"Sema kwa nguvu," alisema. "Kimbunga hakijafika mbali."