Mwezi Ulioonwa na Ngoma

Nimelala katika miji mingi tangu wakati ule, na kila mwezi mchanga unaponikuta njiani, moyo hunirudisha Kasongo, jioni ile ya mwisho wa Ramadhani.

Wingu lilikuwa limefunika mji. Tulisimama uwanjani pa msikiti, shingo juu, mimi kuliko wote: harusi yangu ilingoja Idi, maana kwetu hakuozwi mtu ndani ya mfungo. Wajomba wa mchumba wangu, waliomleta kutoka Kabambare, walipaswa kurudi kesho yake na msafara, kabla ya adhuhuri. Njia ile ilikuwa ya hatari, haikupitwa na watu wachache.

"Mkwe," mjomba mkubwa akanitania, "mwezi wenu ukikataa, tunarudi na mutoto wetu. Utaoa wingu."

Mara ngoma ya gogo ikalia upande wa mto Lualaba! Mama yangu, wa kabila la Wazimba, aliyekua akizisikia ngoma hizo zikisema kama watu, akapiga kigelegele. "Mwezi umeonekana huko mwaloni kwa wavuvi!"

Mwalimu wa msikiti akatikisa kichwa. "Ngoma haina macho, mama. Nani ameuona?"

"Basi tuiulize!"

Mpigaji wa mtaa wetu akauliza kwa gogo lake. Tukatega masikio. Jibu likaja likidunda juu ya mashamba ya mpunga, na mama akawataja wavuvi wawili, wote wawili Waislamu, kila mmoja kwa jina lake la ngoma.

"Nawajua," mwalimu akasema. "Lakini ngoma haiapi. Kesho tunafunga."

"Na masikio yangu, mwalimu, nayo yafunge?"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza. Baadaye gogo letu lililia tena, lakini mimi, mtoto wa mjini, nilisikia mdundo tu.

Alfajiri nikatoka mbio kuwatafuta wale wavuvi. Sikufika hata nusu ya njia: hao, wawili, miguu imelowa umande, wanakimbia kunizidi!

"Nani amewaambia mnatakiwa?"

"Mama yako! Ngoma yenu ilisema mwalimu anataka kiapo. Wewe hukusikia?"

Tuliporudi, wajomba walikuwa wakifunga mizigo. Wavuvi wakaapa: wallahi, waliuona, mwembamba, penye mwanya wa wingu juu ya mto. Mwalimu akaagiza maji, akanywa mbele yetu sote, na uwanja mzima ukapaza takbira.

Mjomba mkubwa akanusa hewa, akatazama moshi wa jikoni kwetu, akaanza kufungua kamba za mzigo wake.

"Ozesha upesi, mwalimu," akasema. "Wali wa huyu mama umeiva kabla ya kiapo chako."