Fundo Ambalo Halikujibiwa

Sifa njema ni za Mola anayetulaza na kutuamsha, aliyenipa umri huu mrefu na bado ananifundisha. Nilisomeshwa kwamba ndoto mbaya haisimuliwi. Hii naisimulia kwa kuwa ilikuja kugeuka kheri.

Usiku ule nililala na kinyongo. Asubuhi mwanangu Ali alikuwa ateremke kisima cha msikiti kuzoa tope, na mtu aliyemfungia kiti, yaani kitanzi cha kukalia mteremkaji, alikuwa mpwa wangu Haji, aliyerudi juzi tu baada ya miaka mingi ya kufunga majukwaa ya ujenzi mjini. Alikifunga kwa mzunguko nisioujua. Nilimwuliza linaitwaje fundo lile, akacheka.

"Mjomba, huko tunaliita fundo tu. Likishika, limeshika."

Nilimjibu kwamba asiyejua majina ya mafundo hashiki roho ya mwenzake. Akaomba angalau avute, kujaribu, kiungo cha kamba mbili nilichofunga mimi. Nikamwambia aende akalale.

Basi nikajiona kwenye mashimo ya kuozea kumbi za nazi, mchana, jua limesimama. Mzee Makame ameketi anasokota kamba ya usumba, nyuzi za kumbi hizo. Ndiye aliyenifundisha kazi hii, na nilimzika kwa mikono yangu. Namtolea salamu, anaitikia bila kuniangalia. Nikaingiwa na shaka: ni yeye, au ni shetani aliyevaa kofia yake? Nikaanza Ayatul Kursi. Hakutoweka. Midomo yake ilikuwa ikisoma pamoja nami.

Mara shimo lile ni kisima cha msikiti, na Ali yumo ndani, kamba imenyooka. Kwetu aliyefunga fundo halijaribu mwenyewe. Yeye hulitaja, mwenzake hulivuta, na akiridhika hulijibu kwa jina lile lile. Ndipo mtu ateremke. Mzee Makame anashika fundo la kwenye nguzo. Nalitaja, analivuta, analijibu. Anafikia kiti cha Haji, nami namkazia macho, nangoja uso wake ubadilike. Namwambia hili halina jina. Analivuta mara mbili.

"Limeshika," anasema.

Mungu anisamehe, nilisikitika.

Kisha mkono wake unapanda hadi pale nilipounga kamba ya zamani ya usumba na nailoni mpya, maana ya zamani haikufika chini. Niliziunga kwa fundo la pacha, alilonifundisha yeye mwenyewe. Nasema, "Pacha." Hajibu. Ananitazama kwa mara ya kwanza.

"Hili lilijibiwa na nani?"

Kutoka chini namsikia Ali akiuliza, kwa sauti ya utoto wake, "Baba, umenishika?" Na ncha ya nailoni inatambaa, taratibu, inarudi ndani ya fundo kama mjusi anayerudi tunduni.

Nikaamka. Nikatema mate kushotoni mara tatu na kuomba kinga, kwani hata hapo sikuwa na hakika ni nani aliyenijia. Lakini swali lake lilikuwa la haki, hata lingetoka kinywani mwa nani.

Baada ya swala ya alfajiri nilimwita Haji kisimani, nikataja, "Pacha," nikamwambia avute. Akaweka mguu ukingoni, akavuta. Usumba hushikana kwa vinyweleo vyake, nailoni haina. Fundo likafunguka mikononi mwake, na Ali amesimama kando yetu na ndoo yake.

Nilidhani Haji atacheka. Hakucheka.

"Tulifunge upya, mjomba?"

Nikamwambia afunge yeye, na mimi nitavuta.

Ewe unayesoma, Mola akujaalie mwenzako wa kulivuta fundo lako kabla halijabeba mtu, na akupe moyo wa kumwachia. Amin.