Leo Mususa tulifukuza mwezi

Bandugu, leo asubui hapa kwetu Mususa tulipigana vita na mwezi. Na eti tulishinda!

Niko napeleka mutoto wangu Masika kwenye chanjo, juu rougeole, ile surua, inasumbua batoto hapa kwetu. Kasereka, mukubwa wa vijana wa avenue yetu, ameshafunga njia na barrière.

— Mama Masika, rudia! Drone ya adui iko juu!

Naangalia. Ni mwezi, mweupe, umepunguka kidogo upande moja. Masika anaucheka.

Namuambia Kasereka:

— Yaya, ule ni mwezi. Hata muchana unaonekanaka, jua njo inauangazia.

— Mwezi ni ya usiku! Unajua vita kunipita?

Basi, batu bote bakapiga filimbi na masufuria, sawa siku adui anaingia. Bibi ya pasta alipiga hata sufuria yenye sombe ya moto, ikamumwangikia.

Mwezi ukashuka polepole nyuma ya kilima, vile unafanyaka.

— Imekimbia!

Batu bakamupigia Kasereka makofi. Miye pia, ili barrière ifunguke.

Nafika kwenye chanjo: saa imepita, infirmière ameshafunga kisanduku ya dawa.

— Rudia kesho, mama.

Mais bandugu, kila siku mwezi unachelewa kushuka kupita jana yake.

Donc kesho vita itakuwa murefu zaidi, na barrière itakawia kufunguka. Nani atamuelezea Kasereka mbele ya kesho kukucha? Miye nimeshindwa, na mutoto lazima achanjwe.