Pale Mpiga Piano Anaponyamaza

Baba yangu alifanya kazi mochwari miaka thelathini na mmoja, na sidhani kama kuna mtu pale hospitali aliyelijua jina lake. Walimwita Meneja wa Baridi. Alikuwa mrefu, mwenye maneno mengi na viatu vyeupe vya mpira alivyovisugua kwa mswaki kila Jumamosi. Ukimuuliza habari za kazi anakujibu, "Wateja wangu hawalalamiki." Akisema hivyo mbele ya wageni, mama alikuwa anamfinya chini ya meza. Yeye anacheka tu.

Mimi nipo hospitali hiyohiyo, upande wa kufulia. Kati ya mlango wangu na wake kuna uwanja wa saruji na kamba kumi na nne za mashuka. Kwa hiyo asije mtu akaniambia nazusha.

Zamani redio yake ilikuwa haizimwi. Mpira, dansi, mahubiri, bei za mahindi, chochote. Akipiga deki, anaimba. "Pale ndani pakinyamaza," aliwahi kuniambia, "mtu unaanza kusikia mambo ambayo hayapo."

Mama alifariki kwa sukari, wodi ya pili, Jumanne asubuhi. Baba alikuwa zamu, na alikataa katakata mtu mwingine kumpokea. Mimi nilipopewa habari nilikimbia na aproni yangu imelowa chapachapa, nikakuta mlango umefungwa kwa ndani na redio imefunguliwa mpaka mwisho, mtangazaji anarudia mabao ya Jumapili kwa makelele. Jamani! Nilibamiza ule mlango mpaka mkono ukavimba. Mke wako amelala humo, wewe unasikiliza mpira? Hakufungua. Nilikaa miaka miwili simsemeshi zaidi ya shikamoo, na hata hiyo naitoa shingo upande.

Kanda ilikuja mwishoni mwa miaka hiyo miwili. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa akipiga piano hotelini, alikufa peke yake, hakutokea ndugu wala jirani. Vitu vyake vilikaa stoo mwaka mzima, kisha ikaja amri vitupwe. Baba akaokoa kaseti moja isiyoandikwa kitu. "Jazi hii," akaniambia, akijipendekeza ili niongee naye. Nikamwambia jazi ninayoijua mimi ina magitaa, ina tarumbeta na watu wanacheza. Hii ni mtu mmoja anapapasa piano kama anatafuta funguo gizani.

"Sikiliza vizuri, mwanangu."

Nikasikiliza. Stuli inalia. Mpigaji mwenyewe ananguruma kooni, kidogo, kama mtu anayeota. Anapiga noti, anaiacha ififie mpaka unadhani kaisahau, ndipo anapiga nyingine. Katikati ya wimbo wa pili ananyamaza kabisa. Kanda inazunguka, unasikia ule mvumo wake, lakini mtu hayupo. Baba alishahesabu: sekunde kumi na moja. Halafu inakuja noti moja nzito ya chini, na jamaa anaendelea kana kwamba hakwenda popote.

Nikamwambia izime hiyo. Pale kwenye kile kimya nilijikuta nimefungua mdomo nikitaka kusema kitu, na sikujua ni kitu gani.

Redio yake ilikuwa imekufa upande wa stesheni, kaseti tu ndiyo iliyofanya kazi, basi akawa anaipiga hiyohiyo kutwa. Ndivyo ilivyotokea siku ile ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Waliletwa watu wawili kutoka zahanati za nje, karatasi zao za kifo zimekamilika, sahihi na mihuri. Mmoja alikuwa mwanamke wa makamo, fundi cherehani, bado ana uzi mwekundu kwenye kidole. Baba alikuwa anamwandikia kibandiko. Wimbo wa pili ukafika pale pake. Kimya. Na ndani ya kile kimya, mtu akashusha pumzi.

Baba alidhani ni mpiga piano. Alisema moyoni, hee, mbona sijawahi kuisikia hii? Akaenda akairudisha kanda nyuma, akasimama na kalamu yake mkononi. Sekunde kumi na moja. Hakuna pumzi. Kwenye kanda haikuwepo.

Mimi nilimwona akitoka. Alipita katikati ya mashuka yangu akiwa na kiatu kimoja, akaangusha kamba mbili, na nilikuwa nimeshafungua mdomo nimporomoshee matusi nilipoona uso wake.

Fundi alipona. Hospitali nzima ilimshangilia baba, akapewa cheti chenye fremu. Baada ya wiki sita mwanamke mwenyewe alikuja kwa miguu yake kushukuru, kamshonea baba shati la mistari. Mimi nilikuwepo, nimeleta soda. Baba akamuuliza kama anakumbuka chochote.

"Nakumbuka kuna mtu alikuwa anapiga piano," akasema fundi. "Mbali. Akaacha ghafla. Nikasikitika, nikasema, mbona kaacha? Basi, hapo tu."

Baba hakuinywa soda yake. Fundi alipoondoka, nilikuta shati limebaki kwenye kiti, halijafunguliwa hata karatasi.

Kuanzia hapo ule utani wake ulikwisha. Akawa kila anayeletwa anampigia kanda yote, mwanzo mpaka mwisho, na wimbo wa pili ukikaribia anazima mashine ya baridi na kufunga madirisha. Ndugu wa marehemu wanasubiri nje kwenye benchi, jeneza liko tayari, gari linaunguruma, yeye hafungui. Nilikuwa naisikia ile piano kutoka kwangu, ikikatika, nami naona mashuka yametulia kwenye kamba. Wafanyakazi wenzangu wakawa wanapitia njia ya nyuma. Mmoja aliniambia baba yangu anawaita. Nilimpa za uso, lakini usiku ule sikula.

Mwishowe metroni aliniita. "Wewe wa kufulia, kaongee na mzee wako. Malalamiko yamefika juu. Akiendelea wiki hii, namstaafisha kwa lazima, na sitaki kufanya hivyo."

Nilivuka uwanja mchana kweupe, baada ya chakula, nimebeba maneno yangu yote tayari. Aisee, nilikuwa nimejipanga! Nikagonga. Safari hii alifungua.

Kulikuwa na watu watatu mezani, wamefunikwa mashuka niliyoyafua mimi mwenyewe. "Baba," nikaanza, akanyanyua kidole. Wimbo wa kwanza ulikuwa unaisha. Akazima mashine ya baridi, ile ngurumo ikafa, chumba kikawa kikubwa. Piano ikaanza tena, noti moja moja. Baba akaja akasimama karibu yangu, akaninong'oneza.

"Bendi inajijibu yenyewe. Gitaa likiuliza, tarumbeta linajibu. Huyu yuko peke yake, hana wa kumjibu. Ndiyo maana akinyamaza, yeyote anayesikia anaona sasa ni zamu yake."

Kisha mpigaji akanyamaza.

Sikupenda nilichofanya. Niliyatazama yale mashuka pale kifuani, moja, la pili, la tatu, na nikaacha kupumua. Nilitaka lisitikisike lolote, na nilitaka litikisike. Nilipogeuka, baba alikuwa hayatazami mashuka. Alikuwa anaitazama meza ya mwisho dirishani, ile iliyokuwa tupu.

Noti ya chini ikapiga. Hapo ndipo nilipoelewa, na yale maneno ya metroni yakaniishia mdomoni.

"Mama alikuwa meza ile," nikasema.

"Ile."

"Na redio..."

"Niliifungua mwenyewe mpaka mwisho." Alikuwa anaongea na ile meza. "Nilikuwa nalia, mwanangu. Nilikuwa nalia kama ng'ombe, sikutaka wanisikie kule nje. Saa nzima. Kama alishusha pumzi, ningeisikia wapi? Niambie wewe. Ningeisikia wapi, na zile kelele zote?"

Miaka ile yote nilimnunia kwa ajili ya mpira. Nilijiona mdogo kama kifungo. Nikamshika mikono, ilikuwa baridi kama kazi yake, nikamwambia mambo ambayo sikuyapanga.

"Baba, mimi nilikuwa naye wodini. Kabla hawajamleta kwako. Niliweka sikio kifuani pake."

"Wewe?"

"Mimi. Wodi ilikuwa kimya kabisa. Hakukuwa na kitu, baba. Alikuwa ameshakwenda."

"Ulikaa muda gani?"

"Mpaka shingo ikaniuma."

Alikaa chini pale pale sakafuni, na viatu vyake vyeupe vimenyooka mbele, akalia bila redio. Kanda ilifika mwisho ikajizima yenyewe. Kesho yake alifungua mlango kwa wakati, na keshokutwa nikamsikia anamwambia dereva wa gari la jeneza kwamba wateja wake hawalalamiki. Alistaafu kwa heshima, na mwaka jana mwezi wa sita akafa akiwa amevaa lile shati la mistari. Nilimpokea mochwari mwenyewe, kila kitu kimezimwa, nikakaa naye mpaka jioni.

Kaseti nimeirithi mimi. Naipiga Jumapili nikiwa peke yangu nyumbani. Nimeshajaribu kuacha, siwezi. Wimbo wa pili ukikaribia nazima feni, nafunga madirisha, nakaa kitandani.

Maana asubuhi ile ya Jumanne sikukanyaga wodini. Nilikuwa kufulia, mashine zote nne zinakwenda, na waliponiletea habari ilibidi wanipigie kelele mara mbili ndipo nikasikia.