Luse hakuzembea, kulikuwa na ndoo

Bado nashika simu nikitaka kumuuliza Luse kama amejiandaa na wageni wa Jumamosi, halafu nakumbuka tumemzika juzi kwao Ileje. Akili inagoma kabisa.

Kwa msiomjua: Lusekelo alikuwa guide wetu wa matembezi ya miguu kando ya Ziwa Rukwa, kule bondeni upande wa Kamsamba. Aliwatembeza watu ufukweni kuangalia viboko, mamba na ndege wa majini. Mimi niko ofisini Tunduma, napokea booking.

Mamba alimkamata kwenye njia aliyoipita kila wiki. Walimtoa, akafia njiani kabla ya kufika hospitali.

Naandika hapa kwenye page yangu kwa sababu kwenye page ya ofisi nimekataa kuandika. Mtaelewa tu.

Luse alikuwa mtu wa mlimani na joto la Kamsamba lilimtesa. Lakini kila safari aliondoka Tunduma na lile sweta la bluu alilofumiwa na mama yake. Akifika bondeni analifunga kiunoni, jasho linamtiririka. Nikimcheka ananiambia, "Dada Neema, mama akiuliza kama nilivaa nitamjibu nini?"

Ndege asiyemjua jina alimwita Mzambia. "Yule pale ni Mzambia, amevuka bila kugonga muhuri." Wageni wanavunjika mbavu, kumbe mwenzao hajui.

Kwenye briefing alisema maneno yaleyale: usinipite mbele, usibaki nyuma, ukiona nimenyamaza nawe nyamaza. Na hakusogeza mtu karibu na maji hata umbembeleze vipi.

Basi wageni wengine wakawa wananipigia simu kulalamika. Tumeamka alfajiri kuona mamba, tumeishia kuona matope. Nikamfikishia Luse. Akasema, "Waambie mamba hajaajiriwa."

Nilicheka sana siku hiyo. Bosi hakucheka.

Bosi akaanza kuchukua utumbo wa ng'ombe buchani. Unajazwa kwenye ndoo, unatangulizwa ziwani, unamwagwa kando ya njia kabla wageni hawajafika. Mamba wanatoka, wageni wanapiga picha na kusema leo tumebahatika. Bahati gani, mmeandaliwa.

Ile ndoo ilipakiwa kwenye gari letu la ofisi. Utumbo umelala, nzi wamejaa, maji yake yanachuruzika mpaka kwenye viti. Mara ya kwanza nilikimbilia nyuma ya ofisi nikatapika. Bosi akasema hiyo ndiyo harufu ya biashara.

Luse alimwambia mbele yangu, kwa heshima zote: "Bosi, tunawafundisha hawa mamba kwamba watu wakija, chakula kimekuja." Akaomba njia ihamishiwe juu, mbali na maji. Akajibiwa kwamba kule juu picha hazitoki vizuri. Akaambiwa atembeze watu, mambo ya mamba amwachie bosi mwenyewe.

Tangu siku hiyo alibadilisha mpangilio. Wageni wote upande wa nchi kavu, yeye peke yake upande wa maji.

Siku aliyokufa ndoo haikupelekwa, bucha hawakuchinja. Mamba walikuja vilevile kama walivyozoeshwa, wakakuta hakuna kitu. Mama mmoja aliyekuwa kwenye msafara amenisimulia huku analia kwamba Luse aliwasukuma wote juu kwenye kingo, na yeye ndiye alibaki chini.

Sasa nisikilizeni. Msibani Ileje, bosi alipewa nafasi ya kuongea. Akamtazama mama wa marehemu, akasema kijana wetu alizembea kidogo, alisogelea maji.

Alizembea. Luse!

Halafu akakaa, akala, akaomba aongezwe nyama. Nilikuwa namwangalia anavyotafuna, nikaisikia ile harufu ya ndoo. Chakula changu nilikiacha palepale.

Mama akanigeukia. "Mwanangu, ni kweli alizembea? Mbona tangu mdogo alikuwa mwangalifu mpaka ananikera?" Sijafungua mdomo, bosi akanijibia: "Ajali haina kinga, mama."

Jana kanitumia picha ya Luse anacheka, na maelekezo. Niandike caption kwamba amefariki akifanya alichokipenda. Chini yake niweke tangazo: Jumamosi kuna matembezi ya kumuenzi, njia ileile, karibuni wote.

Nikamuuliza, na ndoo? Akasema itakwenda, wageni hawawezi kuja bure.

Yaani nimeona kinyaa. Unamzika mtu leo, kesho unamwaga utumbo pale alipokufa, halafu unaita kumuenzi. Na hicho alichokipenda msimsingizie. Alipenda kutembea na watu na kuwarudisha kwao wazima. Ndoo aliichukia.

Wewe uliyefanya booking ya Jumamosi, usiende. Booking nimepokea mimi, na ni mimi ninayekwambia usiende. Mpelekee na mwenzako ujumbe huu.

Najua nikishabonyeza hapa kazi sina. Basi, iwe hivyo. Kwenye gari lile sipandi tena.

Mama, najua dada yake Luse atakusomea haya. Lile swali lako la msibani sikupata nafasi ya kulijibu, nalijibu hapa mbele ya watu wote. Mwanao hakuzembea. Alisimama upande wa maji ili watoto wa wenzako wasimame upande wa nchi kavu. Wote wamerudi kwao.

Na wewe kaka yangu, lala huko kwenu mlimani. Sweta lako mama amekuvalisha mwenyewe, na maji yako mbali.